Kulenga shabaha na mtungi wa kimpumu: Je, vinaweza kukaa pamoja?

Toleo lililopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na somo la minyoo kwa watoto. Naomba radhi, somo hilo litangoja. Kuna mama mmoja wa hapa Ikuti amenijia na swali ambalo sikuweza kulijibu kwa dakika tano za dirishani, na nikaona pengine nyumba nyingine nyingi zinalo lakini hazina wa kumuuliza.

Mama huyu ni mjane. Alikuja zahanati asubuhi, akangoja mpaka foleni ikaisha, na alipoingia hakuwa na ugonjwa wowote. Ana kijana wa miaka 19 aliyepita madrasa, anayeswali na asiyegusa pombe. Lakini kila Jumapili alasiri kijana huyo huchukua gobore la marehemu baba yake, akaungana na vijana wenzake kule bondeni chini ya migomba, wakashindana kulenga chupa na makopo. Wenzake huenda na mtungi wa kimpumu. Anayekosa shabaha ndiye anayenunua mtungi unaofuata.

“Nikimkataza,” alisema mama, “ananiambia kulenga shabaha ni sunna, na yeye hanywi. Wenzake nao wanasema kidogo tu kinatuliza mkono. Daktari, wewe umesoma huku na kule. Nimjibu nini?”

Kijana ana hoja, na si vizuri kumjibu kwa kumfokea tu. Sisi tuliokaa madrasa tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahimiza Waislamu kujifunza kutupa mishale. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba alipoieleza ile amri ya kuandaa nguvu, iliyomo katika aya ya 60 ya Suratul Anfal, aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kutupa, akarudia mara tatu. Katika Bukhari imo habari ya kundi la watu wa kabila la Aslam aliowakuta wakishindana kwa mishale, akawatia moyo na kuwakumbusha kwamba baba yao Ismail (a.s.) alikuwa mtupaji. Kwa hiyo kulenga shabaha kwenyewe si upuuzi wala si jambo la kihuni. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilikuwa hodari wa manati, na mabibi wengi wa mtaani kwetu walikuwa na sababu ya kunisema.

Lakini kijana amebeba nusu ya mzigo na nusu ameiacha njiani. Mtume huyo huyo aliyehimiza mishale ndiye aliyemwambia mtu aliyepita msikitini na mishale aishike kwenye ncha, isije ikamjeruhi mtu. Alikataza kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha, kwa sababu mwenye kuishika hajui, pengine shetani atauvuta mkono wake. Alikataza watu kupeana upanga ukiwa umetolewa alani. Akakataza pia kurusha vijiwe kwa vidole, akieleza kwamba vijiwe hivyo haviui windo wala haviumizi adui, ila vinavunja jino na kutoboa jicho. Hayo ya jino na jicho ni maneno ya mtu anayejua majeraha. Katika miaka yangu ya kazi nimeona macho yaliyoumizwa na manati kuliko niliyoona yaliyoumizwa na kitu kingine chochote cha mchezo.

Na yote hayo yalisemwa kwa watu ambao hawakunywa kitu.

Usiku wa Julai

Sasa nikueleze kilichonifanya niliposikia swali la mama nisahau minyoo.

Miaka michache iliyopita, usiku wa mwezi Julai, wakati ukungu wa Tukuyu unashuka mpaka mlangoni na baridi inaingia kwenye mifupa, aliletwa kwangu kijana wa miaka ishirini na kitu. Nasema aliletwa, lakini alikuja kwa miguu yake, tena akicheka. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa shati lililokuwa jeupe. Uso mzima ulikuwa mweusi kwa baruti, kope zimeungua, na jicho moja halifunguki. Wenzake watatu walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja.

Nilipofungua lile shati nilikuta kidole gumba kimeshikiliwa na ngozi tu, na cha shahada hakipo.

Habari yenyewe niliipata kidogo kidogo. Walikuwa wakilenga shabaha tangu saa tisa alasiri. Gobore, kama wasomaji wengi wa vijijini mnavyojua, halina risasi ya kuchomeka. Unamimina baruti kwenye mtutu, unaweka kitambaa, unashindilia kwa mdeki, kisha unaweka golori au vipande vya misumari, unashindilia tena. Ni kazi ya hatua nyingi, na kila hatua inategemea kukumbuka ile iliyotangulia. Kijana yule alikuwa ameshindilia, akaitwa kwenye mtungi, wakacheka, wakabishana nani ananunua. Aliporudi hakukumbuka kwamba alikwisha kushindilia. Akamimina baruti mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Mtutu uliotengenezwa kwa bomba la maji na fundi wa kijijini hauwezi kubeba mzigo huo. Ulipasukia mkononi.

Mambo matatu ya usiku ule nataka uyashike.

La kwanza, hakusikia maumivu. Kwa sababu hiyo walikaa kule bondeni zaidi ya saa mbili wakimwosha kwa maji ya mtoni na kumwongezea kinywaji cha kumtia nguvu, huku damu inatoka. La pili, alikuwa baridi kama chura. Watu wa huku kwetu tunaambiana pombe inaleta joto. Ukweli ni kwamba pombe inaipanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu yenye joto inakuja juu, mtu anajisikia moto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje. Mtu aliyepoteza damu, aliyelewa, na aliyelowa ukungu anapoa upesi sana, na damu ya mwili uliopoa haigandi vizuri, hivyo jeraha linaendelea kuvuja.

La tatu ndilo lililonisumbua zaidi. Mnamo saa tano usiku alianza kusinzia na kutapika. Mtu aliyepigwa na kipande cha chuma kichwani husinzia na kutapika. Mtu aliyelewa naye husinzia na kutapika. Kwa macho, kwa tochi na kwa vidole vyangu, sikuwa na namna ya kuwatenganisha hao wawili. Kipimo tunachotumia cha kumwita mgonjwa, kumsemesha na kuangalia anavyofungua macho hakiaminiki mbele ya mtungi. Nikamlaza ubavu ili asikabwe na matapishi, nikamfunika mablanketi, na tukatafuta gari la kumpeleka Tukuyu, na kutoka huko akapelekwa Mbeya, safari ya kilomita sabini hivi nyingine. Na huko pia mtaalamu wa usingizi anapomkuta mgonjwa ana tumbo lililojaa pombe huingiwa na wasiwasi, kwa sababu matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu akiwa hajitambui.

Alipona, alhamdulillah. Ana vidole vitatu mkono wa kushoto, na jicho moja linaona mwanga tu. Dini yake na jina lake havitusaidii kitu hapa.

Kidogo kinachotuliza mkono

Turudi kwenye hoja ya wale wenzake wa kijana: kidogo tu kinatuliza mkono. Hii nayo si uzushi mtupu, na ndiyo maana ina hatari. Mtu anayelenga shabaha mbele ya watu moyo humwenda mbio na vidole hutetemeka. Pombe hupunguza wasiwasi, na mtetemo wa wasiwasi unapungua kwa muda.

Wapo waliolijaribu jambo hili mbele ya dunia nzima. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico, Msweden mmoja aitwaye Hans-Gunnar Liljenwall alishindana katika mchezo wa fani tano, na mojawapo ya fani hizo ni kulenga shabaha kwa bastola. Alisema alikunywa bia mbili kutuliza neva kabla ya kulenga. Alipopimwa akakutwa na pombe. Sweden ikanyang’anywa medali ya shaba ya timu, na yeye akaingia katika historia kuwa mwanamichezo wa kwanza kuondolewa katika Olimpiki kwa kutumia kilichokatazwa. Bia mbili, na wenzake wawili wa timu ambao hawakuwa na kosa walirudisha medali zao pamoja naye.

Miaka 40 baadaye, Beijing 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang’anywa medali mbili za kulenga kwa bastola, ya fedha na ya shaba, baada ya kukutwa na propranolol. Dawa hii baadhi yenu mnaijua, hupewa wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu. Inapunguza mapigo ya moyo na mtetemo wa mkono, na ndiyo sababu walengaji wanakatazwa.

Pombe nayo ilikuwamo katika orodha ya dunia ya vitu vilivyokatazwa kwa wanamichezo wa upinde na mishale mpaka mwisho wa mwaka 2017. Kuanzia Januari 2018 iliondolewa katika orodha hiyo na mashirikisho yakaachiwa kuisimamia kwa kanuni zao wenyewe. Kiwango kilichokuwa kinamfanya mtupa mishale ahesabiwe mkosaji kilikuwa gramu 0.1 ya pombe katika lita moja ya damu. Hapa Tanzania dereva hushitakiwa anapozidi miligramu 80 katika mililita 100. Ukizileta hesabu hizo mbili kwenye kipimo kimoja utakuta kwamba kile cha mtupa mishale ni miligramu 10 tu, yaani sehemu moja ya nane ya kile cha dereva. Watu wasio na habari na haramu wala halali yetu, waliotaka tu mchezo uwe salama na wa haki, waliona hata nusu chupa ni nyingi mno kwa mtu aliyeshika upinde.

Sababu ni kwamba ule utulivu wa mkono una bei. Pombe haichagui kutuliza vidole peke yake. Inapunguza kasi ya ubongo kupokea habari na kutoa amri, inalifanya jicho lichelewe kufuata kitu kinachosogea, inapunguza uwezo wa kuangalia mambo mawili kwa wakati mmoja. Mlengaji anaiona chupa. Mtoto anayekatisha nyuma ya chupa akitafuta mbuzi wake hamwoni, au anamwona nusu ya sekunde baadaye. Na kitu cha kwanza kabisa kuondoka, kabla hata mtu hajapepesuka, ni ile hukumu ya ndani inayomwambia “subiri”. Anayejisikia yuko sawa kabisa baada ya glasi mbili anasema kweli kuhusu anavyojisikia. Kilichoharibika ni kile chombo alichotumia kujipima.

Kisha kuna mtetemo wa pili. Mnywaji wa kila siku anapoamka asubuhi mkono hutetemeka kwa kuikosa pombe. Akizimua, unatulia. Hapo ndipo watu wanapopata ushahidi wao kwamba pombe inatuliza mkono, nao hawaoni kwamba imetuliza mtetemo ulioletwa na hiyo hiyo pombe.

Tufanye hesabu kidogo, maana vijana wetu wanapenda hesabu. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Ini la mtu mzima husafisha takriban gramu 7 kwa saa. Kwa hiyo chupa moja inahitaji karibu saa tatu kuondoka. Aliyeanza kunywa saa moja jioni na kumaliza chupa sita ana gramu 120 za kusafisha, na hesabu yake itakwisha karibu na saa sita mchana wa siku ya pili. Huyu akiamka saa kumi na mbili alfajiri, akanawa uso kwa maji ya baridi, akanywa kahawa nzito, akachukua gobore kwenda kufukuza nyani shambani, bado amelewa. Kahawa inamwondolea usingizi tu. Ini halijali kahawa.

Na hiyo ni bia, ambayo kwenye chupa kumeandikwa nguvu yake. Kimpumu hakina maandishi. Ulezi uleule, mama muuzaji yuleyule, lakini mtungi wa leo na ule utakaoendelea kuchacha mpaka kesho havina nguvu moja. Ukisharudisha maji ya moto juu yake na mirija inazunguka, nani anajua amekunywa kiasi gani? Gongo ndiyo usiseme. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku nchi nzima Machi 2017 na vijana wengi walinusurika kwa hilo, lakini mtungi haukupigwa marufuku.

Kwa ambao bado wanatafuta kile kiasi kidogo kisicho na madhara, Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Walikuwa wanazungumzia saratani na magonjwa mengine, bado bunduki haijaingia.

Wakubwa nao

Kuna watu wanadhani ajali hizi ni za wanakijiji wasio na elimu na magobore yao ya bomba. Februari 2006, Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo, Dick Cheney, akiwinda ndege huko Texas, aligeuka akifuata ndege aliyeruka na kumpiga mwenzake Harry Whittington usoni, shingoni na kifuani kwa chembe za risasi. Chembe moja ilimsogelea moyo na kumletea mshtuko mdogo wa moyo hospitalini. Whittington alipona na aliishi miaka mingi baadaye. Cheney alikiri kwenye televisheni kwamba alikunywa bia moja wakati wa chakula cha mchana. Hakuna aliyethibitisha kwamba bia ile ndiyo sababu, nami sisemi hivyo. Ila alihojiwa na watu wa sheria asubuhi ya pili, na wewe umeshaiona hesabu ya chupa moja na saa tatu.

Kwa majirani zetu Kenya, mchezo huu una historia yake. Hoteli ya Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, na husimuliwa mpaka leo jinsi walowezi wa Kizungu, Lord Delamere akiwa mbele yao, walivyokuwa wakitoka humo usiku baada ya kunywa na kulenga taa za barabarani kwa bunduki. Simulizi hizi huandikwa kama vichekesho. Nani alikuwa anapita chini ya taa zile usiku, akirudi kutoka kazini, hilo wasimulizi hawalitaji.

Mtume alirudi nyuma

Mama, na sisi sote, tuna kisa kilicho karibu zaidi. Kimo katika Bukhari, na tulikisoma madrasa, ingawa nadhani wengi tulikipita haraka.

Hamza bin Abdul Muttalib (r.a.), ami yake Mtume, alikuwa mwindaji na mtu wa upinde. Hata siku aliyosilimu alikuwa anatoka kuwinda, na upinde wake mkononi. Baada ya vita vya Badr, kabla pombe haijaharamishwa, alikuwa akinywa na wenzake katika nyumba moja ya Ansari mjini Madina. Jirani na hapo Ali (r.a.) alikuwa amewafunga ngamia wake wawili aliokuwa akijiandalia nao gharama za harusi yake na Fatima (r.a.). Hamza alitoka na upanga wake, akakata nundu zao, akapasua mbavu zao, akatoa maini. Ali alilia alipoona. Mtume (s.a.w.) alipokwenda kumlaumu, Hamza alimtazama kwa macho mekundu kuanzia miguuni mpaka usoni, akatamka maneno ya dharau ambayo akiwa mzima asingeyatamka kamwe. Mtume akatambua kwamba amelewa, akarudi kinyumenyume, akatoka.

Huyu ni Hamza, Simba wa Allah, aliyekuja kufa shahidi Uhud. Hakuwa mtu dhaifu wala mwovu. Kwa hiyo anayesema “mimi najiweza” ajipime naye kwanza.

Lakini tazama pia jinsi Mtume alivyoondoka. Baadhi ya wanazuoni walioufafanua hadithi hii wamesema alirudi kinyumenyume ili macho yake yabaki kwa Hamza, asije akafanya jambo. Hakubishana naye, hakumpokonya upanga. Kitabibu siwezi kumfundisha mtu kitu bora zaidi ya hicho. Mume, mwana au shemeji akirudi nyumbani amelewa na ana silaha, usishindane naye kwa maneno na usimrukie kuichukua. Ondoa watoto, toka, toka ukiwa unamwangalia, nenda kwa jirani, waite wanaume wazima na mwenyekiti wa kitongoji. Maneno ni ya kesho yake mchana.

Sasa, kijana asiyekunywa. Anasema yeye ni salama. Risasi inayotoka mkononi mwa mlevi haimwulizi aliye mbele yake kama alikunywa soda. Yule wa Julai alikuwa na mwenzake asiyekunywa amesimama upande wa kulia, na kipande cha mtutu kilipita juu ya sikio lake kikachoma kwenye mgomba. Nimekiona kile kipande. Aidha tunajua makatazo yaliyokuja ya kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, na mchezo wa aliyekosa anunue mtungi una jina lake, ni kamari. Aya ya 90 ya Suratul Maida imevitaja pamoja pombe, kamari na hata mishale ya kupigia ramli. Ibn Umar (r.a.) aliwahi kuwakuta vijana wa Kiquraishi wamemfunga ndege hai wanamlenga, na kila mshale uliokosa ukawa mali ya mwenye ndege. Walipomwona walitawanyika. Akawaambia Mtume amemlaani anayemfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Tena huku kwetu msitu wa Mlima Rungwe una kima aina ya kipunji, ambaye wataalamu walimtambua hapa mwaka 2003 na hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Kijana aliyechoka kulenga makopo na mwenye glasi tatu kichwani hachelewi kuinua mtutu juu ya mti.

Nilichomwambia mama ni kwamba asimkataze shabaha, amkatie shabaha na mtungi. Wakitaka kushindana, washindane asubuhi ya siku ambayo hakuna aliyekunywa tangu jana yake mchana. Walenge kwenye kingo ya udongo mrefu, si kwenye migomba, kwa sababu mgomba hauzuii kitu. Mmoja tu ndiye aliye na silaha, wote wengine nyuma yake. Hakuna kushindilia mpaka mtu awe amesimama kwenye mstari, na anayeanza kushindilia hasemeshwi mpaka amalize. Hakuna kumpa mwenzako silaha iliyoshindiliwa. Bora zaidi watengeneze pinde, ambazo ndizo zilizotajwa, na zikikosea hazipasuki.

Kuna jambo jingine ambalo mama hakulipenda. Gobore lile halina leseni. Marehemu alilirithi kwa baba yake, na kijana amelirithi kama alivyorithi shamba. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 haifanyi hivyo. Gobore ni silaha kama silaha nyingine, na kibali ni cha mtu, si cha ukoo. Serikali imewahi kutoa nafasi za kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, mwaka 2023 ikiwamo. Nilimshauri aende na mwenyekiti wake mpaka polisi Tukuyu akaulize njia iliyopo, na asilibebe gobore siku hiyo ya kuuliza.

Na endapo ajali imekwisha kutokea, mwenye damu inayotoka kanda jeraha kwa kitambaa safi kwa mikono miwili, kwa nguvu, bila kuachia kuchungulia kila dakika. Usichimbe golori wala kipande cha chuma. Usimimine gongo, wala kahawa ya unga, wala utomvu wa mgomba. Jicho lililopigwa usilikande na usilipake kitu, lifunike kwa kikombe kisafi kisichogusa mboni na ukifunge kwa kitambaa. Mfunike mgonjwa apate joto, na asipewe pombe ya kumtia nguvu wala chakula. Akisinzia mlaze ubavu. Mwambie tabibu ukweli kuhusu alichokunywa na saa aliyokunywa, hatumwandikii imamu. Sindano ya pepopunda lazima, hata kama kidonda ni kidogo. Fomu ya polisi, ile PF3, inahitajika kwa majeraha ya namna hii, lakini mtu anayevuja damu mleteni kwanza, mmoja wenu aifuate fomu.

Mama alikwenda nyumbani. Wiki iliyofuata kijana alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na kuuliza kama ni kweli kile kisa cha Hamza kimo katika Bukhari, maana hakikumbuki. Nikamwonyesha. Alisoma akiwa amesimama, akarudia mahali pale pa kurudi kinyumenyume. Akauliza kama upinde wa mwanzi unafaa, nikamwambia ajaribu. Kuhusu gobore hakusema kitu. Kwa habari nilizo nazo mpaka naandika, lipo chini ya kitanda cha mama yake limezungushiwa kanga, mdeki ameuficha kwa dada yake Kiwira, na safari ya polisi imepangwa Jumanne baada ya kuuza ndizi.

Somo la minyoo toleo lijalo, insha-Allah.